Betri ya Mwezi Mmoja

Mwambie Bi Waya kuwa jua limezama, atatoka nje alitazame mwenyewe kwanza, ndipo akubali. Ndivyo alivyo tangu enzi za usichana wake, alipokuwa akishonea watu vifungo. Kwa hiyo mwanawe aliposimama katikati ya chumba cha kazi na kutamka, "Mama, unahamia kwangu," majirani waliosikia walikaa mkao wa kula. Walijua kitawaka.

Na kiliwaka. "Nihamie kwako nikafanye nini? Nikahesabu boriti?"

"Ukapumzike, mama."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Tumjue kwanza mama huyu, maana ukimsikia kwa mbali utadhani ni mkorofi tu. Mkorofi ni kweli, sikatai, lakini si mkorofi tu. Ni fundi cherehani. Chumba chake kina mlango mmoja wa bati unaotazama barabara na dirisha moja upande wa pili. Cherehani imeelekea dirishani kwa ajili ya mwanga, kwa hiyo akishona, mlango huupa mgongo. Katikati kuna meza ndefu ya kukatia nguo. Nusu moja ya meza hiyo ina vitambaa, mkasi, chaki na futi ya kupimia. Nusu ya pili ni makaburi ya redio: nyaya, mota ndogo ndogo, vibao vya simu mbovu, testa ya kupimia umeme na kalamu ya moto ya kulehemu. Yote yalianza siku mota ya cherehani yake ilipoungua. Fundi wa umeme akamwambia kitu hicho kimekufa, atupe. Atupe! Aliifungua kwa ubishi tu, akakuta waya mmoja umekatika, akauunga, na cherehani ikaunguruma. Tangu siku hiyo hakuna kitu chenye waya kilichopita mbele yake kikabaki kimefungwa. Wenzake wa umri wake hufuma vitambaa vya meza kupoteza muda, yeye hulehemu. Hapo ndipo lilipotoka jina la Bi Waya.

Masikio yake yalimuaga polepole. La kulia lilitangulia, la kushoto limebaki na kidogo, umsemee karibu na kwa nguvu. Mengine huyasoma midomoni mwa watu, na usimseme ukidhani haoni. Daktari alisema mishipa imechakaa, akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa, akaketi kwenye cherehani, akakanyaga pedali. Mamaa! Ilikuwa kama mawe yanayotikiswa ndani ya debe. Akakivua, akakitia kwenye droo ya vifungo. "Zamani nilikuwa nasikia vibaya," alisema. "Hiki kinanisikilizisha vibaya kwa nguvu."

Sasa, mwanawe. Ni mtoto wake wa pekee, dereva wa lori, mtu mzima mwenye mke na ndevu zinazoanza kuingia mvi. Siku moja alipita kumsalimu mama, akagonga mlango. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kwani mwizi aliwahi kuingia akabeba jora zima la kitambaa nyuma ya mgongo wa Bi Waya, naye anashona tu. Mwana akagonga kwa ngumi. Akagonga kwa jiwe. Majirani wakatoka. Mwishowe fundi simu, jirani mwenye kibanda ubavuni, alizunguka dirishani akapunga shati mpaka mama akainua macho.

"Mnaigiza nini nyie?" aliuliza akifungua mlango, na kola ya shati la mtu mkononi. Mwanawe alikuwa amekaa chini kizingitini, hana rangi.

Hapo ndipo alipotamka yale ya kuhama. Cherehani ingeuzwa au ingefunikwa, na mama angepewa chumba cha nyuma nyumbani kwake.

"Thubutu!" Bi Waya alisema. "Sikio halizidi kichwa."

"Sikio lenyewe limekufa, mama."

"Na kichwa je?"

Mwana akaondoka amenuna. Bi Waya hakulala juu ya ushindi huo. Alijua hoja ya mwanawe ina mifupa. Akageukia upande wa pili wa meza.

Haukupita muda mrefu akawa na kengele ya aina yake. Nje ya mlango aliweka kitufe. Ukikibonyeza, hutuma habari hewani bila waya, na habari hiyo hupokewa na bangili aliyoishona mwenyewe kwa utepe wa suruali, yenye mfuko mdogo wa kibao, betri, na kale kamota kanakotetemesha simu. Kitufe kikibonyezwa, mkono hutetemeka. Mwana aliitwa ajionee. Akabonyeza, mama akafungua mlango huku akitamba.

"Nzuri," mwana alisema, tena kwa dhati. "Inakula nini?"

"Betri."

"Inakaa siku ngapi?"

Bi Waya akatazama pembeni. "Mbili. Tatu."

"Na nani atakumbuka kuichaji? Wewe? Sufuria ngapi umeunguza mwaka huu, mama?"

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Siku hizi husahau. Si watu, si vipimo vya watu, bali vitu vya kila siku: maji motoni, funguo, dawa. Lakini kipo kitu kimoja ambacho hajawahi kukisahau tangu alipokabidhiwa cherehani ya kwanza. Kila tarehe mosi huipaka mashine yake mafuta, hubadilisha sindano, hukaza mkanda. Alizaa mwisho wa mwezi, na tarehe mosi alikuwa ameinama juu ya mashine na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ndiye huyu anayemhoji.

"Nitaifanya ikae kutoka mafuta hadi mafuta," alisema. "Mwezi mzima. Nitaichaji siku ya mafuta, basi."

Mdomo huponza kichwa. Mwana aliudaka ule mdomo hapo hapo. "Haya. Tarehe mosi ichaji. Mwezi ukiisha nakuja na lori, nabonyeza. Ukifungua, narudi na lori langu tupu. Usipofungua, napakia cherehani, na wewe juu yake."

"Andaa na kamba," alisema Bi Waya. "Utazirudisha hivyo hivyo zilivyo."

Alipoondoka, fundi simu aliingia ameshika tama. "Bi Waya, mwezi? Hata simu yangu haimalizi siku."

"Simu yako inapiga umbea kutwa. Nipe betri."

Akampa betri ya simu ya zamani. Ubavuni imeandikwa elfu moja. Namba hiyo maana yake ni rahisi: kifaa kikivuta umeme kwa kiasi cha moja, betri itakaa saa elfu moja. Kikivuta kumi, itakaa saa mia. Ni kugawanya tu, na fundi cherehani hugawanya tangu asubuhi hadi jioni, kiuno kwa pande nne, pindo kwa marinda. Lakini Bi Waya hakuiamini ile elfu moja. Mteja akikutajia kiuno chake, hukutajia kile cha siku ya harusi yake. Humuulizi, unampima. Akaijaza betri, akaikausha kwa taa ndogo huku testa ikitazama, na kumbe ilikuwa imebaki mia saba.

Akachukua chaki na kuandika juu ya meza ya kukatia. Bangili ilivuta kumi. Mia saba kwa kumi ni saa sabini, siku tatu kasoro kidogo. Akapima kipande kwa kipande kujua mlafi ni nani. Fundi simu aliapa ni mota, maana ndiyo yenye fujo. Siyo. Mota hufanya kazi sekunde chache mteja akija, kisha hulala. Mlafi alikuwa yule asiye na sauti, kile kisehemu kinachosikiliza kama kitufe kimebonyezwa. Kilisikiliza mchana, kikasikiliza usiku, hata kama hakuna mtu mlangoni.

"Anayekula si mpiga kelele, ni msikilizaji," Bi Waya alisema akicheka hadi mabega yakaruka. "Ndiyo maana mimi niliacha!"

Basi akakifundisha kusinzia. Kiamke mara moja kila baada ya muda mfupi, kitege sikio, kikikuta kimya kilale tena. Kazi hiyo ilimtoa jasho, na mara mbili alirusha kibao ukutani akakifuata kukiokota. Mwisho matumizi yakashuka chini ya moja. Akaongeza wateja wa kila siku, akaongeza cha kupotea, kama anavyoacha nafasi ya mshono, na chaki ikamwambia mwezi mmoja na siku kumi na mbili juu. Ila mgeni ilibidi abonyeze na kushikilia, ili amkute msikilizaji akiwa macho. Akaandika mlangoni kwa rangi: BONYEZA, USIACHE MPAKA NIJE. Tarehe mosi akapaka mashine mafuta, akaichaji bangili, akaivaa.

Nusu ya mwezi ikaenda vizuri. Wateja walibonyeza, mkono ukatetemeka, mlango ukafunguka. Bi Waya akaanza kuringa, na kuringa kwake ni kubaya.

Kisha siku moja alikuwa akishona pindo la pazia, akaona mwanga juu ya kitambaa umebadilika. Akageuka. Mlango ulikuwa wazi, komeo linaning'inia. Mwanawe amesimama pale na mtaimbo mkononi, uso umelowa.

"Nilidhani umekufa!"

Hakuhitaji sikio kulielewa hilo. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka kama alipokuwa mtoto.

"Sijafa," alisema Bi Waya. Aliona aibu, akaona huruma, na vyote viwili vikamtokea kama hasira, ndivyo alivyoumbwa. "Na komeo langu umelivunja."

"Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi! Kidude chako hakifanyi kazi, mama. Imekwisha."

"Mwezi umekwisha?"

"Mama..."

"Nimekuuliza, mwezi umekwisha? Tulisema mwisho wa mwezi. Chukua nyundo uniwekee komeo, kisha nenda kazini kwako."

Alilitengeneza komeo, kila msumari akiupiga kwa hasira. Alipoondoka alisema mkewe ameshaanza kupaka rangi chumba cha nyuma. Bi Waya akajifanya hakusoma.

Ila alipobaki peke yake alijikalia chini. Betri haikuwa imekwisha, testa ilionyesha imebaki zaidi ya nusu. Msikilizaji alikuwa hai. Sasa akijikumbuka vizuri, kabla ya mlango kuvunjwa, aliuhisi mkono ukishtuka kidogo, tena na tena, kama mshipa unaocheza. Alidhani ni uzee. Akabonyeza kitufe mwenyewe, macho kwenye testa. Mota ilipotaka kuanza tu, nguvu ya betri ikaporomoka, kibao kikazimika, kikawaka upya, kikaanza tena safari. Mota haivuti taratibu inapoanza. Huvuta kwa pupa, na betri kuukuu ikiwa imeshiba huvumilia, ikishapungua huzidiwa.

Bi Waya akajipiga paji la uso kofi lililosikika kibandani kwa fundi simu.

"Nimempima amesimama!" alisema. "Miaka yote hii! Mwanafunzi wangu yeyote angefanya hivi ningemchapa na futi!" Kwa maana kila mwenye mkasi anajua, suruali haipasuki mtu akisimama wima mbele ya kioo. Hupasuka akiinama kuokota funguo. Humpimi mtu amesimama tu, unamwambia aketi, ainame, achuchumae. Naye alikuwa ameipima bangili ikiwa imetulia, tena betri imejaa, akaridhika. Mganga hajigangi.

Dawa aliitoa kwenye redio mbovu, kapasita moja nene. Ni kama kijitungi cha umeme: hujazwa polepole wakati bangili imesinzia, na mota ikiamka na pupa yake, hunywa hapo kwanza, betri isishtuliwe. Akaifunga, kisha akaijaribu kwa ukali, mara nyingi, kila mara akisema "inama!" kwa sauti. Haikuzimika tena.

"Sasa ichaji upya," fundi simu alisema. "Uanze na tumbo lililojaa."

"Ng'o."

"Majaribio yamekula akiba yako, Bi Waya."

"Nilisema mwezi mmoja kwa chaji moja. Sikusema mwezi mmoja na huruma."

Na kama vile dunia ilikuwa imemsikia ikaamua kumkomoa, shule zikakaribia kufunguliwa. Wazazi wakamiminika na sare. Mlango ambao kwa kawaida ulibonyezwa mara chache kwa siku ukawa haukauki kidole, na kila mzazi alishikilia kitufe kama maandishi yalivyoagiza. Bi Waya alishona sketi za marinda huku bangili ikimtafuna mkono. Akarudi kwenye chaki. Zile siku kumi na mbili za ziada zikawa tano. Zikawa mbili. Siku ya mwisho hazikuwepo, na mtetemeko ulikuwa umekonda, umekuwa kama nzi aliyenaswa chini ya kitambaa.

Fundi simu aliingia na waya wa chaji mfukoni. "Dakika chache tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi izime mpaka lori lifike, ubakize hicho kidogo."

"Nikiizima, wateja wanaonikuta leo wanabonyeza nini, ukuta?" Kisha akapunguza ukali, maana aliuona uso wa jirani yake. "Fundi, nikimdanganya leo, mwezi ujao nitakuwa najidanganya mwenyewe. Siku moja betri itaniacha kweli, naye atakuwa nje pale analia. Nenda kibandani kwako. Na usije ukanipungia shati dirishani."

Fundi simu akaenda, anatikisa kichwa.

Bi Waya akaketi kwenye cherehani, akaupa mlango mgongo kama siku zote. Angeweza kuigeuza mashine, aitazame barabara. Hakuigeuza. Aliweka kitambaa cha bluu chini ya sindano, akapanga rinda la kwanza, la pili, la tatu. Pedali ikimtetemesha miguu, sindano ikimtetemesha vidole. Kila rinda alisimama, akauacha mkono utulie, akausikiliza kwa ngozi. Hakuna kitu. Akaendelea. Jua lilihama kutoka kwenye mkasi likaenda kwenye sanduku la nyuzi. Alijikuta anafikiria kile chumba cha nyuma, kochi lake, televisheni yenye watu wanaofungua na kufunga midomo, mkamwana akimletea chai na kumpapasa bega kama mgonjwa. Machozi yakamlenga, akayapangusa kwa sketi ya mtoto wa watu.

Rinda la saba, mkono ukamwasha.

Akaondoa mguu kwenye pedali. Kimya. Labda ni damu tu. Labda ni nzi wa kweli. Akaushika mkono kwa mkono wa pili, akaubana kifuani, akasubiri. Ikaja tena, nyembamba, dhaifu, lakini ikaja, na haikukatika.

Bi Waya akasimama. Hakukimbia, akaacha mgongo ukae sawa kwanza. Akavuta komeo jipya, akafungua.

Mwanawe alikuwa amesimama kidole kikiwa bado kwenye kitufe, kimekuwa cheupe kwa kubana. Nyuma yake lori, mlango wa nyuma umeshushwa, kuli ameshika kamba, na mkamwana ameketi mbele na mablanketi ya kufungia cherehani. Kibandani kwake fundi simu alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua, akaruka juu akijipiga mapaja.

Mwana aliutoa mkono kwenye kitufe, akauweka usoni. Mabega yakamcheza.

"Toa mkono mdomoni, sikusikii," alisema mama.

Akautoa. Akasema polepole, ili asomeke vizuri. "Naogopa, mama. Kila nikija hapa naogopa. Ipo siku nitabonyeza na hutakuja."

"Ipo," alisema Bi Waya.

Alimshika kidevu, kwenye zile ndevu zinazoingia mvi, kama alivyokuwa akimshika alipotaka amtazame machoni.

"Siku hiyo ipo, mwanangu, na hakuna betri ya kuizuia, hata niipige hesabu vipi. Siku hiyo vunja komeo, uingie. Utanikuta hapo kwenye mashine, na kazi ya mtu mkononi. Hutanikuta kwako nimekaa, nikiingoja."

Mwana alimtazama, akamtazama. Kisha akageuka, akamwashiria kuli apandishe mlango wa lori.

"Sasa sogea hapo," alisema mama yake. "Una mwili mkubwa, unawazibia wateja."